Koplo wa Doria na Maksai wa Kasense

Koplo wa doria wa Milanzi amefariki. Habari nilipewa Jumanne asubuhi na mama anayeniuzia maandazi, naye aliitoa hivi hivi huku akinifungia manne kwenye karatasi: "Yule afande wa baiskeli hatunaye tena. Kifua kilimzidia. Kesho wanampeleka kwao Mwimbi." Wasomaji wangu wa hapa Sumbawanga wengi mtakuwa mnamkumbuka kwa sura, hata kama jina lake hamkuwahi kulisikia: mrefu, mkimya, koti zito limekunjwa kwenye keria, na mkononi ile baiskeli aliyokuwa akiikokota mtaa hadi mtaa. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa na chombo kisichombeba. Akacheka. "Nikiitwa naipanda, mwandishi. Lakini kwenye doria nikiipanda napita tu. Nikiikokota nasalimiwa, na anayenisalimia ananiambia la moyoni." Nilirudi nyumbani na maandazi yangu, nikakaa mpaka chai ikapoa. Kuna jambo nililomwahidi mtu huyu, jambo la mistari mitano tu, na sikulifanya. Leo nalieleza lote, na sitajipendelea.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza pale mama mmoja wa Kasense alipoamka akakuta zizi tupu. Maksai wake wawili wa kulimia wameibwa. Anayelima huku Ufipa anajua maana yake: bila maksai mwezi ule, hakuna mahindi mwaka ule. Koplo alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, akaulizia wageni, na siku ya tatu akamkuta mtu mnadani ana maksai wawili wa rangi zile zile. Yule bwana hakutishika hata kidogo. Alisema amewakuza mwenyewe tangu ndama na amelima nao misimu minne. Alama hawakuwa nayo, na ng'ombe wekundu hapa wako wengi. Koplo hakubishana naye. Aliomba nira kwa watu wa pale, akamwambia kwa upole, "Basi wafunge, mzee wangu, tuwaone wakitembea." Sasa, mtoto yeyote aliyekulia nyuma ya plau anajua kwamba maksai ana upande wake. Aliyezoeshwa kulia hafanyi kazi kushoto. Yule bwana akawafunga kinyume. Wanyama wakasukumana, wakageukiana, kamba zikajisokota, hatua hawapigi. Koplo akamwita yule mama, naye akawabadilisha pande, akawasemesha kwa Kifipa, wakaondoka taratibu kama wanaokwenda shambani. Mwizi alikaa chini mwenyewe kabla hajaambiwa.

Kesho yake likaja gari la kikosi maalumu cha kuzuia wizi wa mifugo. Wakamchukua mtuhumiwa, wakapiga picha na maksai, wakaondoka. Mimi nami, bila kutia mguu Kasense, nilimpigia simu mtu ninayefahamiana naye kikosini, nikaandika safu nzima ya kukisifu kikosi kile. Niliandika juu ya mafunzo yao, magari yao, weledi wao. Hawakunidanganya. Nilichouliza walinijibu, ila sikuuliza nani aliyemkamata mtu yule.

Jumatatu iliyofuata koplo alinifuata nyumbani, gazeti limekunjwa mfukoni. "Nimesoma, mwandishi. Umeandika vizuri," alianza, na nikajua mara moja kwamba kuna jambo. "Sikatai vijana wa kikosi kusifiwa, kazi yao wamefanya. Ila karibuni wanapitia majina ya wanaopanda cheo. Nimekaa kwenye ukoplo miaka mingi, na kustaafu kwangu kumekaribia. Natamani niondoke sajenti. Jalada langu halina kitu, kaka. Mwenzangu akienda kozi ya upelelezi anarudi na cheti. Akikamata bunduki kuna taarifa. Mimi nikipita Milanzi na isiibwe hata ndoo, nitaandika nini? Ukiweka mistari mitano tu kwamba nilikuwepo, nitaikata niiambatishe." Akanisimulia yote ya mnadani. Nikamwambia wiki ijayo, bila shaka.

Wiki iliyofuata niliandika habari za mbolea. Iliyofuata nikaandika habari za barabara. Nilijiambia kuna mambo yanayobana zaidi, lakini ukweli ni mwingine na unanitia aibu: kusahihisha kulitaka nikiri mbele yenu kwamba nilisifu kitu ambacho sikwenda kukiona. Mimi niliyetoka Mbeya miaka ile nikajinadi hapa kuwa mwandishi wa kufika mwenyewe! Nikaona heri koplo asubiri kidogo kuliko mimi kuchekwa. Mara ya pili tulipokutana aliniuliza, nikampa tarehe nyingine. Mara ya tatu hakuuliza. Alinisalimia vizuri, akaulizia watoto, akaendelea kukokota baiskeli yake. Majina yakapitiwa, lake halikuwamo.

Nimewaza sana juu ya hili wiki hii. Vikosi maalumu tunavihitaji, na anayebeza kazi ya mbwa wa kunusa au ya wachunguzi wa mitandao hajaibiwa. Lakini sisi tunaoandika, na hata sisi tunaosoma, tunapenda polisi anayeshuka kwenye gari. Yule aliyezunguka mtaa mzima asubuhi, akamkumbusha mlevi njia ya kwao, akapatanisha majirani waliogombea mpaka, tunamchukulia kama sehemu ya barabara. Vijana wanaoingia kazini wanaliona hilo, na kila mmoja anaomba kikosi. Nani atakubali kuzeeka kwenye doria, kwenye kazi ambayo ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea?

Nilikwenda Mwimbi kuzika. Katekista alisali, upepo ulikuwa mkali, na msalaba ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe cheo chake kilekile: Koplo. Baada ya mazishi nilimwendea mjane kumpa pole. Akaniuliza: "Ndiyo wewe mwandishi wa gazetini? Mwenzangu alikuwa analinunua kila linapotoka. Alikuwa anaanza na yako, anaisoma mpaka mwisho, halafu analikunja." Hakusema kwa hasira. Alidhani ananipa habari njema, kwamba nilikuwa na msomaji mwaminifu, na akanishukuru kwa kuja.

Basi nasahihisha. Maksai wawili wa Kasense walipatikana kwa akili na miguu ya koplo wa doria wa Milanzi, peke yake, siku moja kabla kikosi hakijafika. Niliposema vingine nilikosea, na tangu aliponijia nyumbani nilijua nimekosea. Mistari yenyewe imetimia, hata mitano haikufika, na ilinichukua muda wote aliobakiwa nao. Nilikuwa nikidhani kuchelewesha sifa ya mtu si kumnyima, kwamba siku yoyote ukiitoa inamfikia. Haimfikii. Kama kuna mtu unayejua alichofanya na wewe ndiye unayeweza kukisema, kiseme leo, angali ana mahali pa kukipeleka. Haya niliyoandika mimi hakuna tena wa kuyakata ayaambatishe.