Choo Kilichokunywa Maji ya Mvua

Asubuhi ile nilitoka Butembo bila kujua naenda wapi. Vita vilikuwa vimefunga barabara nyingi, na iliyokuwa wazi siku hiyo ni ya Beni. Basi nikapanda juu ya lori la vitunguu na maharagi, kwa sababu dereva alitaka mtu wa kushika turubai lisipeperuke. Niliacha shule mapema, na tangu hapo miguu yangu haijajua kutulia. Njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu. Mji nisioujua ulinipa furaha ambayo sikuipata darasani hata siku moja.

Mchana nilishuka Beni, mtaa wa Mulekera, nikaanza kuulizia chumba. Kwenye nyumba moja ya matofali mama mwenye nyumba, muuza chumvi na sabuni, alinisikiliza amesimama mlangoni, mtandio kichwani.

"Chumba iko," akasema. "Lakini siwezi kukupatia. Maji hapana. Ukiingia hapa, batoto yangu batapaswa kwenda kuchota tena."

Njia ya kwenda chemchemi walikochota maji ilipita kwenye kizuizi cha askari. Wiki ile askari waliwashikilia mabinti zake wawili pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakiwauliza maswali yasiyo na mwisho, na mama alikuwa ameapa kwamba hawatapita tena. Sasa pipa lililoinuliwa nyuma ya nyumba, lililokinga mvua ya paa na kulisha choo kwa bomba, lilikuwa karibu kukauka.

"Lakini mvua ilinyesha jana, mama. Maji ilienda wapi?"

"Mu choo," mume wake akajibu kutoka ndani. "Choo ya mwenye alijenga hii nyumba. Inakunywa kupita ng'ombe."

Mzee huyo alikuwa msafirishaji, mtu wa kusukuma baiskeli yenye mizigo hadi Kasindi, mpakani. Nikasikiliza: kweli, mle ndani kulikuwa na sauti ya maji yasiyonyamaza. Nilikuwa nimeona vyoo vya kuvuta maji, lakini tumbo la hata kimoja sikuwa nimewahi kuliona. Nikasogea hadi mlango wa choo.

"Papa, uniache nifungue."

"Weye ni fundi?"

"Hapana. Niko na macho tu."

"Ukiiharibu, utalala mule mule."

Niliinua kifuniko cha tangi dogo lililo nyuma ya choo. Maji yaliingia kwa bomba jembamba, na boya la plastiki lilielea chini likisubiri maji yapande ili lifunge. Lakini maji hayakupanda. Nikafikiri nimeshapata: boya limechoka. Nikaliinua kwa mkono, maji yakaacha kuingia.

"Imeisha!" nikasema.

"Angalia muzuri," mama akasema kutoka mlangoni. "Bado inalia."

Ni kweli, sauti ilikuwa ndogo lakini ipo. Nikachora mstari wa mkaa ukutani mwa tangi, pale maji yalipofika, nikaendelea kulishika boya juu. Polepole maji yakashuka chini ya mstari. Basi boya halikuwa na kosa. Maji yalikuwa yakitorokea chini! Nikavua shati, nikazamisha mkono hadi kiwiko, nikagusa kifuniko cha mpira kilichoziba tundu la chini. Nikakikandamiza. Kimya. Nikaachia boya, maji yakaanza kupanda, yakapita mstari, boya likainuka lenyewe, likafunga. Nilicheka kama mtoto.

Nilipotoa mkono, sauti ikarudi. Kitu kilikuwa kikivuta kile kifuniko juu. Nikafuata kwa vidole mnyororo unaokiunganisha na mkono wa kuvutia maji, na kukuta umekatika katikati, kisha umeungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umefungwa mara nyingi na kuvutwa kama kamba ya upinde.

"Nani alifunga hii?"

"Miye," mzee akasema kwa fahari. "Unaona vile iko nguvu?"

"Papa, ulikaza sana. Kifuniko hakiwezi kulala chini."

"Muzigo ikilegea ku muteremuko, inakuua. Miye siyue kufunga ya kulegea."

"Sasa utayua," mkewe akamwambia. "Miaka yote unafunga, na choo ndiyo inakushinda."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Nikakata ule mpira, nikaunga mnyororo upya kwa kamba ya nailoni, nikaiacha ilegee kidogo. Mzee mwenyewe akavuta ule mkono wa choo. Maji yakashuka kwa kishindo, kifuniko kikalala, tangi likajaa, likanyamaza. Tukasubiri tukitazama mstari wa mkaa chini ya maji. Hayakushuka hata kidogo.

Binti mkubwa alikuwa amesimama uani, madumu mawili mikononi, akingoja kuambiwa kama aende chemchemini.

"Weka hizo chini," mama akamwambia. "Pipa ikijaa na mvua ya leo, inatosha. Hakuna mwenye anaenda kule."

Mawingu yalikuwa tayari juu ya migomba. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nina mkeka, na aliposikia sina, akatangulia kunionyesha chumba.