Benchi Lililojua Mno

Mtunza masijala wa hospitali ya serikali alipewa jina la Kufuli na mumewe, aliyelalamika kwamba nyumbani hata chumvi ikiisha ni siri ya mgonjwa. Kufuli alijua maradhi ya nusu ya mji, na sokoni alimsalimia kila mtu kana kwamba hajawahi kupiga chafya.

Kisha serikali ikaajiri kampuni ya nje kuhamishia majalada kwenye kompyuta. Mkataba ulitaja kasi, bei na rangi ya fulana. Siri haukuitaja, huenda karatasi iliisha.

Watu wa kampuni walifanya kazi wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anachapa. Masijala ilikuwa na joto, wakasogeza meza dirishani. Nje ya dirisha kulikuwa na benchi la wagonjwa, nalo likaanza kuelimika.

"Kifua kikuu!" msomaji alitangaza asubuhi moja, baada ya kutaja jina la mtu na mtaa wake.

Fundi cherehani, aliyekuwa benchini akisubiri dawa za ugonjwa huohuo, alijitanda mtandio akaondoka mikono mitupu. Kufuli alimfuata mbio hadi getini.

"Dada, dozi haikatwi!"

"Na wateja je? Nani atakubali nimpime kiuno, nikishatangazwa hapo?"

Kufuli akamwendea msimamizi wa kampuni. "Mwanangu, someni kimoyomoyo."

"Mama, tutachelewa. Halafu sisi tuko chini ya wizara."

Mganga mkuu naye akasema iulizwe wizara. Wizara ikajibu kwamba kampuni inajitegemea. Siri ya fundi ikawa yatima mwenye walezi watatu.

Kesho yake msimamizi alishika zamu ya kusoma mwenyewe, awaonyeshe wenzake kasi. Akafungua jalada, akataja jina, akataja mtaa, akanyamaza.

"Endelea basi!" sauti ikatoka benchini. "Mbona unakata utamu?"

"Ni mama yangu," msimamizi alimnong'oneza Kufuli, aliyekuwa kando yake. "Hajaniambia kama anaumwa."

Kufuli angeweza kusema mengi. Alilifunga jalada tu. "Basi hujasoma. Atakuambia mwenyewe, akipenda."

Msimamizi alivuta meza hadi ukutani, akafunga dirisha. Tangu hapo kila mmoja akasoma na kuchapa peke yake, kimya, jasho likiwatiririka. Kazi ikachelewa, naye akaiandikia wizara sababu, akiomba siri iongezwe kwenye mkataba. Wizara, ambayo haikuwahi kushtushwa na siri, ilishtushwa na kuchelewa, ikaongeza.

Lakini Kufuli hakuingoja wizara. Jioni ya siku ileile dirisha lilipofungwa, alibeba kitambaa hadi kwa fundi, akasimama katikati ya wateja.

"Nishonee gauni, dada. Joto limenizidi kule masijala, tangu leo dirisha linafungwa."

Fundi alimtazama, akachukua futi yake.

"Inua mikono," akasema. "Kesho asubuhi nitapita huko."

Akapita kweli. Akaketi, akaitwa ndani, akatoka na dawa mkobani. Benchi halikumtazama. Lilikuwa limerudia kulalamikia foleni, kama benchi lolote linalojiheshimu.