Bunduki ya upepo iliyotulia yenyewe

Leo, katika duka moja mtaani Manika, bunduki imetulia mikononi mwangu bila mimi kuituliza.

Nilikwenda kuchagua bunduki ya upepo iliyo nyepesi. Ile ya marehemu baba inanichosha nikilenga makopo nimesimama. Alipokuwa hai, kila nilipolenga, kiganja chake kilikuwa kinabeba mtutu kwa chini. Sikuwahi kujua uzito wa bunduki ile.

Nikainua moja nyepesi, nzuri kweli.

Ikatetemeka. Halafu ikatulia kabisa.

Muuzaji akacheka. “Mama, mukono yako iko nyuma sana. Huku mbele unamuachia nani nafasi?”

Akagusa mbao ya bunduki pale mbele, chini ya mtutu.

Akaacha kucheka.

“Iko moto, mama. Sawa vile mutu ametoka kuishika.”

Nimeinunua. Mkono wangu nitauacha palepale nyuma.

Nyinyi mngeusogeza?