Tangazo la Chumba cha Pasi

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Anayebisha hajawahi kulikunja. Ni refu kuliko mikono ya binadamu yeyote, na ukijitia ushujaa ukalikunja peke yako, ncha moja itafagia sakafu. Shuka lililofagia sakafu hurudi kwenye maji, hata kama halikuonekana na mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mama Mkunjo, na kwa miaka kumi na tisa hakuivunja, wala hakumruhusu mtu aivunje mbele yake.

Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na mitatu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa sababu ya ule mstari ulionyooka katikati ya kila shuka lililopita mikononi mwake. Mwenzake wa kukunja walimwita Ngongoti, kwa kuwa alikuwa mrefu hata alipoketi. Kila mmoja alishika ncha mbili. Walirudi nyuma hatua nne, wakalivuta shuka likalia pwaa, wakaendeana hatua nne, ncha zikakutana. Na kila walipokutana, Ngongoti alikuwa na neno.

"Umekuja tena?"

"Nimefuata shuka, si wewe."

"Sema ukweli, umenikumbuka."

"Rudi kwako, shoga, usinipotezee hesabu."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, kicheko kimoja kwa kila shuka, na mashuka yalikuwa mengi.

Zamani chumba cha pasi kilikuwa na watu saba. Mmoja alistaafu, mwingine akahama, wa tatu akaumwa mgongo, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Wakabaki wanne: Mama Mkunjo, Ngongoti, Mzee Mvuke aliyetunza mashine ya kukaushia, na Dada Foronya aliyeshughulikia foronya na taulo. Katika kipindi hichohicho hospitali ilikubali kufua mashuka ya bweni la chuo kwa malipo, kisha ya nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara. Matenga kumi na mawili kwa siku yakawa ishirini na moja. Mshahara ulishuka mara mbili, na mara zote mbili waliambiwa ni kwa muda tu.

"Huu muda nao," Ngongoti alisema, "umetoka kwao na haujui njia ya kurudi."

Mtu akizidishiwa kazi na kupunguziwa malipo, kitu cha kwanza kinachomjia ni kupunja kazi yenyewe. Dada Foronya, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwahi kusema, "Mama, tupige pasi upande wa juu tu. Nani atafunua?"

"Mgonjwa atafunua," Mama Mkunjo alimjibu. "Yeye ndiye anayelalia ule wa ndani. Wanaotuonea wako ofisini. Mgonjwa hajamkosea mtu hapa."

Basi wakapiga pasi pande zote, na majasho yakawatoka, na wakacheka.

Jambo la pili ambalo Mama Mkunjo hakulifanyia mzaha lilikuwa lugha. Shuleni alipata zawadi ya kamusi kwa kushinda wenzake wote katika Kiswahili, akataka kuwa mwalimu, lakini ada ya chuo haikupatikana. Kamusi ile bado ilikuwa nyumbani, imevikwa jalada la kitambaa. Mbele ya ubao wa matangazo alisimama na kalamu nyekundu kama mwalimu mbele ya madaftari. Karani wa utawala alipokuwepo, kalamu ile ilipumzika, maana yule binti aliandika vizuri. Lakini karani naye aliondolewa ili kubana matumizi, na tangu siku hiyo mkuu wa utawala alijipigia chapa mwenyewe kwa vidole viwili. Wafanyakazi walimwita Bwana Muhuri, kwa sababu hata karatasi ya kuagiza sabuni aliigonga muhuri mara mbili.

Jumatatu moja Bwana Muhuri aliwaita Ngongoti na Mzee Mvuke ofisini. Aliwauliza wameanza kazi mwaka gani, akaandika, akawaambia watayarishe vyeti vyao kwa ajili ya kiinua mgongo. Hakusema zaidi, na hapakuhitajika zaidi. Walirudi chumba cha pasi. Ngongoti alishika ncha zake, akarudi nyuma hatua nne, akaja mbele hatua nne, ncha zikakutana. Hakusema neno. Mama Mkunjo alisubiri. Shuka la pili, kimya. La tatu, kimya.

"Shoga," alisema Mama Mkunjo, "hata kunitukana umeshindwa?"

"Nina watoto wawili wanaosoma," Ngongoti alijibu, akitazama shuka. "Nikitoka hapa naenda wapi na urefu huu?"

Mama Mkunjo alitaka kucheka na kulia, akashindwa achague lipi.

Kesho yake mchana Dada Foronya alikuja anakimbia. "Limebandikwa! Tangazo limebandikwa, na nakala ziko wodi zote!"

Wote wanne wakaenda kwenye ubao. Mama Mkunjo alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kwa sababu ya hali ya fedha, kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, wafanyakazi wawili wa chumba cha pasi watapunguziwa kazi, na wengine wataongezwa. Ushirikiano wenu unathaminiwa."

Chini palikuwa na sahihi, na mihuri miwili.

Alisoma tena kimyakimya. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee Mvuke alidhani analia, akamshika mkono. Kumbe anacheka, tena kile kicheko cha kukosa pumzi.

"Anacheka!" Ngongoti aling'aka. "Sisi tunatupwa nje, yeye anacheka!"

"Nani katupwa? Someni herufi kwa herufi. Angetaka kuwatoa, angeandika watapunguzwa kazini. Ameandika watapunguziwa kazi. Maana yake mtatuliwa mzigo. Na sisi wengine alitaka tuongezewe kazi, sivyo? Hakuandika wataongezewa, ameandika wataongezwa. Maana yake wataletwa watu."

Mzee Mvuke alikuna kidevu. "Kwa hiyo mimi nitafanya kazi kidogo, na nitaletewa msaidizi?"

"Kwa mihuri miwili."

"Mungu ambariki huyu kijana. Nilimfikiria vibaya."

Wakacheka mpaka mtu wa famasia akafungua dirisha kuwatazama. Dada Foronya alikuwa wa kwanza kunyamaza. "Basi tukae kimya. Tarehe mosi ikifika, tupunguze kazi, na akiuliza tumwambie tumetii tangazo. Sisi tunajuaje alichokuwa nacho moyoni?"

"Tunajua," alisema Mama Mkunjo, naye akaacha kucheka. "Kujifanya mjinga ni kusema uongo bila kufungua mdomo. Sitafanya hivyo, hata kwa ajili ya Ngongoti."

"Ahsante sana, shoga," alisema Ngongoti. "Huyo ndiye rafiki."

Jioni ile, kabla hawajatoka, wauguzi walishuka kutoka wodini mmoja mmoja kuwapa pongezi. "Hongereni jamani! Na sisi lini?" Habari ilikuwa imeshapanda hadi ghorofa ya juu.

Asubuhi iliyofuata mume wa Mama Mkunjo, fundi viatu, alimkuta mkewe ameketi mlangoni na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amemng'arishia viatu kama kila siku.

"Utamsahihishia?" aliuliza.

"Tangazo lenye kosa siwezi kuliacha."

"Ukilisahihisha, rafiki yako hana kazi."

"Najua, baba watoto."

"Basi iache hiyo kalamu nyumbani."

"Kalamu haina kosa." Alivaa viatu, akafunga kamba taratibu. "Nawaza tu kosa lenyewe liko wapi."

Alimkuta Bwana Muhuri ofisini, kidole kimoja juu ya herufi na kingine kikiitafuta ya pili. Kijana huyo alikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hebu soma hapa."

Alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Alipofika kwenye mihuri aliketi vizuri, kisha akaketi vibaya. "Lo! Mama, hii... Na nakala ziko wodi zote? Nisaidie basi, isahihishe haraka nichape nyingine."

"Nimekuja na kalamu. Lakini kabla sijaisahihisha, njoo unishikie shuka."

"Shuka?"

"Tarehe mosi sitakuwa na mtu wa kunishikia. Nataka uone hicho unachotaka nikisahihishe."

Angeweza kukataa. Kwa heshima yake nasema hakukataa. Alivua koti, akamfuata. Ngongoti aliambiwa akae kwenye benchi, naye akakaa kwa furaha kubwa, miguu imefika katikati ya chumba.

Shuka la kwanza Bwana Muhuri alisahau hatua, akamkanyaga Mama Mkunjo. La pili alilivuta kwa nguvu likamponyoka, likamvaa kichwani.

"Harusi hiyo!" Ngongoti alipiga vigelegele. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Polepole, bwana mkubwa," Mzee Mvuke alimshauri. "Hilo ni shuka, halitoroki."

La tano lilitoka sawa, na wote wakampigia makofi, naye akatabasamu kama mtoto aliyevuka mfereji. Mama Mkunjo akampa la sita. "Sasa hili, peke yako."

Alinyoosha mikono. Akapanda juu ya kigoda. Akalibana kwa kidevu. Ncha ikagusa sakafu.

"Kwenye maji," wote wanne walisema pamoja.

Akajaribu jingine. Kwenye maji. Na jingine. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na matenga ishirini yalikuwa bado yamejaa, yamepangwa kutoka dirishani mpaka mlangoni. Aliyatazama. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatazama, kwa maana ofisini yalikuwa tarakimu tu.

"Haya yote ya wagonjwa?" aliuliza.

"Wagonjwa ni matenga kumi na mawili," Mama Mkunjo alijibu. "Hayo mengine ni ya watu mliowauzia mikono yetu. Malipo yao mnapokea, kisha mnatukata sisi mshahara. Hesabu hiyo, mwanangu, mimi na elimu yangu ndogo imenishinda."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Daktari Mkuu, mama mwenye sauti ya chini na hatua za haraka. Mkononi alikuwa na nakala ya tangazo. "Tangu asubuhi wauguzi wameujaza ukumbi wangu. Wanaomba nao wapunguziwe kazi kama chumba cha pasi. Mimi niliagiza tubane matumizi, sikuagiza hili." Ndipo alipomwona mkuu wake wa utawala juu ya kigoda na shuka kidevuni. "Wewe unafanya nini huko?"

Bwana Muhuri alishuka. Shuka lilikuwa bado mikononi.

"Daktari, nilikosea."

"Umekosea wapi?"

Mashine ilikuwa imefika mwisho wa mzunguko wake. Mama Mkunjo alikuwa ameshatoa kalamu nyekundu na kuifungua. Kosa angelionyesha, kwa kuwa lilikuwepo na aliliona. Ngongoti alikunja miguu yake mirefu chini ya benchi, akashika magoti.

Bwana Muhuri alitazama kalamu, akatazama shuka, akamtazama Ngongoti.

"Nilikosea kabla ya kuandika," alisema. "Nilitaka kuwaachisha kazi wawili na kuwaongezea waliobaki. Haiwezekani, Daktari. Nimejaribu sasa hivi. Tangazo kama lilivyotoka ndilo linalofaa."

Mama Mkunjo alifunga kalamu, akairudisha mfukoni. "Basi halina kosa," alisema.

Daktari Mkuu alisogea karibu. Aliyazunguka matenga, akafunua shuka moja lililokunjwa, akapitisha kiganja upande wa ndani. Akalirudisha kama alivyolikuta. "Nani hupiga pasi mpaka huku?"

"Sisi sote," alisema Dada Foronya, kwa haraka kuliko wengine.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka siku ile. Mashuka ya nyumba ya wageni yalirudishwa kwa wenyewe, hivyo Ngongoti na Mzee Mvuke wakapunguziwa kazi kama walivyoahidiwa. Karani wa utawala aliitwa arudi, naye akaongezwa, kwa ombi la Bwana Muhuri mwenyewe. Mshahara ulirudi nusu ya ulivyokatwa. Ile nusu nyingine Mama Mkunjo anaidai kwa barua, moja kila mwisho wa mwezi, na karani anasema hajawahi kuona barua zisizo na kosa hata la nukta kama hizo. Hataacha mpaka irudi. Haki ya mtu haiwi ndogo kwa sababu amezoea kuikosa.

Tangazo lenyewe lilipotolewa ubaoni lilikuwa limekunjamana. Mzee Mvuke alilipiga pasi, pande zote mbili, akalitundika juu ya mashine yake.

Na asubuhi ya tarehe mosi Mama Mkunjo alishika ncha mbili na Ngongoti akashika mbili. Hatua nne nyuma, pwaa, hatua nne mbele.

"Umekuja tena?" aliuliza Ngongoti.

"Nimesikia umepunguziwa kazi, nikasema nije nikutembelee."

"Karibu, ila usikae sana. Mimi ni mtu wa mihuri miwili."

Shuka likachelewa kukunjwa kidogo, kwa sababu wote wawili walikuwa wameinama wakicheka, na ncha moja, Mama Mkunjo aliiona vizuri kabisa, ikagusa sakafu.

"Kwenye maji," alisema, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono, na akalipeleka mwenyewe.