Nyama ya Maabara Imenisimamishia Posa

Admin, nifichie jina, maana huku Riyadh Wapwani tunajuana. Mimi ni kijana wa Mombasa, miaka thelathini na moja, nafanya kazi kwenye kampuni ya vyakula. Kazini kwetu kuna nyama inayojaribiwa: wanachukua chembe za ng'ombe aliyechinjwa kihalali, wanazikuza maabara mpaka zinakuwa nyama kamili. Wafanyakazi tukagaiwa tukaonje nyumbani. Nilikula, nikaipenda.

Mwezi uliopita nilikwenda Jeddah kuposa. Binti, nimwite Z, anaishi na mamake na ami yake, mdogo wa marehemu babake, ambaye ndiye walii wake wa ndoa. Ukweni hakwendwi mikono mitupu, nikabeba ile nyama kwenye kikasha cha barafu. Ami alinipokea mlangoni, nikamweleza kila kitu, wallahi sikuficha. Akacheka: "Nyamaza kwanza, wale. Wakishashiba ndiyo tuwaambie."

Mkwe huyo, ningembishia vipi?

Mama akaipikia pilau. Watu wakala, wakasifu. Ami akakomba hadi ukoko. Nikaona ndiyo wakati, nikasema. Lo! Mama akasukuma sahani.

"Nyama haijapata kula hata jani, nawe waniletea niipike kwa mikono yangu?"

Nikamwambia ng'ombe alichinjwa, na wako masheikh wanaoona haina neno.

"Kama haina neno, mbona ulificha?"

Nikamtazama Ami. Ami akatikisa kichwa: "Vijana wa siku hizi!" Jamani! Na ndevu zingali na mafuta!

Tangu siku hiyo posa imesimama. Z mwenyewe nyama haimsumbui, asema ilikuwa tamu. Kinachomuuma ni kufichwa. Kila tukiongea aniuliza, "Nani alikwambia unyamaze? Nakujua, wewe si mtu wa kuficha." Nikimtaja Ami, atakana, na ndiye wa kutuozesha. Nisipomtaja, kwa mama nabaki mwongo, na binti hatoi kwa mwongo. Nimechoka, nimechoka kabisa kubeba lawama ya mtu mzima mwenye akili zake.

Jana Ami kanipigia simu. Moyo ukatulia, nikajua sasa ataomba radhi, ataniambia amesema na shemejiye yamekwisha. Akashusha sauti:

"Ile nyama, hamjagaiwa nyingine?"

Wenzangu mnaosoma hapa, nisaidieni kabla sijapasuka. Niseme nikose walii, au ninyamaze nikose mke?