Osundwa wa Sura ya Ishirini

Khalayi ni mwoga. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wanaosoma vitabu vyake vya mapenzi humdhania mwanamke shupavu, mwenye ulimi wa moto na kicheko cha kujaza ukumbi. Hawajamwona akishika rimoti. Tamthilia za Kifilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili anazipenda kupita kiasi, lakini hazitazami mpaka zirudiwe, na hata za marudio sharti kwanza mumewe Eugene amhakikishie kwamba yule msichana maskini hafi na mtoto aliyeibwa anapatikana. Raga nayo vivyo hivyo. Timu ya Kabras ikicheza, yeye hujipeleka jikoni kuchambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Eugene akipiga kelele kwamba wameshinda, ndipo huja kuitazama mechi ileile ikirudiwa, akitafuna njugu kwa raha zake.

Mwezi wa tano mtangazaji wa redio moja ya mjini Kakamega alimuuliza ni vitu gani humliwaza akichoka kuandika. Akataja tamthilia. Akataja rhumba za zamani, ambazo anajua gitaa la pili litaingia wapi. Akataja vibonzo vya magazeti alivyovikata tangu akiwa msichana na kuvibandika daftarini. Mtangazaji akacheka, akasema, "Kwa hivyo mama unapenda vitu unavijua tayari." Khalayi akajibu kwamba ndiyo, na wasikilizaji wakadhani anatania.

Kazi inayomlisha ni ya ukarani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, miaka kumi na tisa sasa ya kutafuta mafaili ambayo kila mtu anaapa hakuyagusa. Vitabu huviandika alfajiri kwenye meza ya kulia, kwa kalamu, katika madaftari ya shule, huku Eugene akiendelea kukoroma chumbani. Vitatu vimetoka hivyo. Cha nne anakiita Nisubiri Mayoni, na kinatarajiwa kutoka mwezi wa nane. Ni kisa cha Osundwa, dereva wa trekta la kuvuta miwa, na muuguzi aitwaye Chepng'etich. Wanapendana kwa sura kumi na tisa. Katika sura ya ishirini trekta linapinduka, Osundwa anakufa, na arusi ilikuwa imebaki siku tatu.

Hakuwahi kumuua mpenzi kitabuni kabla ya huyo. Cheptoo, mhariri wake wa Nairobi, alimsihi amwache hai, akamwambia wasomaji watamlaani. Wakabishana wiki tatu. Khalayi, ambaye hata jirani akimwekea taka mlangoni hunyamaza, safari hii alishikilia msimamo. Alisema kitabu chenyewe ni cha yule anayebaki, na kwamba Osundwa asipokufa hakuna kitabu. Cheptoo akasalimu amri.

Ana sharti moja ambalo Cheptoo hana habari nalo. Mhusika wa kufa hampi jina la mtu aliye hai. Kwao Bungoma alikozaliwa, jina la marehemu hupewa mtoto ili liendelee kuitwa na kuitika. Kulichukua la mtu anayepumua ukalizika, hata kama ni kwenye karatasi tu, yeye hathubutu. Kwa hiyo majina ya wa kufa huyaokota makaburini. Hili la Osundwa alilisoma kwa wakwe zake kule Mayoni, siku miwa ilipokatwa na kaburi la zamani la saruji likaonekana upande wa pili wa shamba. Babu yake Eugene. Alikuwa amefariki kabla Eugene hajazaliwa, na Khalayi akaona hapo hakuna wa kudhurika.

Katikati ya Juni, Eugene akinyoa ndevu, Khalayi aliona kivimbe chini ya taya lake, upande wa kushoto. Eugene ni mwalimu wa hisabati, mtu wa kutoa jibu kwa mkato. Alisema ni tezi za mafua. Wiki ikapita bila mafua. Hospitalini wakamkata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka kupimwa, wakaambiwa wangoje. Ofisini Khalayi aliweka faili la mtu wa Malinya kwenye kabati la watu wa Lugari na kulitafuta asubuhi nzima. Eugene alipokohoa bafuni, yeye alisimama kando ya mlango na kushika kitasa mpaka kikohozi kikome.

Jumapili, Senge Navalayo akaja kutoka Mayoni. Senge ndiye shangazi yake Eugene, dada mkubwa wa baba yake, na ndiye aliyemlea. Alileta kuku, akamshika mpwa wake shingo, akamwombea kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kisha Eugene akaenda kulala. Wanawake wawili wakabaki mezani na obusuma, yaani ugali, na yule kuku, ingokho.

"Nasikia kuna kitabu ingine, Mama Mitchel," Senge akasema. Mitchel ni binti yao, anasoma chuo mjini Mombasa.

"Iko, Senge. Inatoka mwezi wa nane."

"Na huyo kijana wa kitabu anaitwa nani?"

"Osundwa."

Senge akalirudisha tonge sahanini. "Nani alikupatia hiyo jina?"

"Niliona kwa kaburi pale nyumbani. Si ni kuka ya Eugene, babu yake?"

"Ni kuka yake, ndiye baba yangu. Lakini hiyo jina Eugene ndiye alipewa kwanza, akiwa mtoto wa juzi tu. Tukimuita Osundwa, analia. Siku tatu, ziwa hashiki, amekauka hivi. Mama yangu akasema, jaribuni Were. Kuita tu Were, akanyamaza, akanyonya. Ile ya kwanza ilimkatalia. Hatuitajangi." Akamtazama Khalayi kwa makini. "Na huyo wako anafanya nini kwa kitabu?"

"Anaoa," Khalayi akasema.

Senge akaridhika, akaendelea kula. Khalayi alichukua sahani yake ambayo hakuimaliza, akaingia jikoni na kusimama mbele ya karo bila kufungua maji. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka ishirini na miwili, anamjua hata anavyovaa soksi, na asijue kwamba alipokuwa na umri wa siku tatu alilikataa jina kwa kulia. Yeye akaenda akaliokota, akalipandisha kwenye trekta na kulipindua. Mwenzako akikueleza jambo kama hilo kwenye kiti cha ofisini utamcheka. Khalayi hakuwa na cha kucheka.

Jumanne Eugene alikuwa akisimamia mtihani, akamwomba mkewe apitie majibu kwa kuwa ofisi yake iko karibu na hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Hakutaka kusema mengi bila mgonjwa mwenyewe, lakini bahasha ilikuwa na barua ya kumpeleka kliniki ya saratani Eldoret, na karani wa masjala hashindwi kusoma barua. Daktari akamuuliza kivimbe kilianza lini.

"Wiki tatu, tuseme nne," Khalayi akasema.

"Vizuri. Kama ni wiki, tumekiwahi. Kingekuwa cha miezi hadithi ingekuwa nyingine. Mlete Jumatatu."

Hilo neno *vizuri* alilikumbatia njia nzima. Hata hivyo, alipofika nyumbani na Eugene akainua macho kutoka kwenye karatasi za mitihani, ulimi wake ulisema wenyewe, "Bado. Wanasema mashine imeharibika." Barua ikalala ndani ya mkoba, chini ya mwavuli.

Kesho yake asubuhi akampigia Cheptoo.

"Nataka Osundwa abaki hai."

"Mama Khalayi, si wewe ulinipigania wiki tatu?"

"Nimebadili nia."

"Kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu. Kama ni hivyo nipate sura mpya kufikia Jumamosi jioni."

Alikuwa amefikiria kubadilisha jina peke yake. Lakini Osundwa alikuwa Osundwa tangu ukurasa wa kwanza, na kifo kingebaki palepale kikitafuta mwenyewe. Ukimvisha aliyeitwa kofia mpya, anayemwita hapotei njia. Kwa hiyo alfajiri ya Alhamisi na ya Ijumaa aliandika, akamtoa Osundwa chini ya trekta na mguu uliovunjika tu, akamwozesha, akaleta na ngoma za isukuti. Alijua anaharibu. Aliandika kama mtu anayezima moto, asiyejali maji yanamwagikia nani.

Eugene ndiye msomaji wa kwanza wa kila anachoandika. Humwekea kurasa kwenye kiti chake, naye huzisoma akiwa na kalamu nyekundu, akitia vema na makosa pambizoni kana kwamba ni hesabu za kidato cha pili. Safari hii kiti kilikaa kitupu. Lakini Jumamosi mchana Eugene alitokea sebuleni, simu mkononi.

"Cheptoo amekukosa kwa simu, akanipigia. Anasema kuna sura mpya. Mbona sijapewa?"

Khalayi akazitoa kurasa chini ya sinia, akampa.

Eugene akaketi kibarazani. Mvua ya mchana, ambayo Kakamega haikosi, ilikuwa imeanza kupiga mabati. Khalayi alimchungulia kutoka dirisha la jikoni. Alimwona akisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kalamu haikuandika kitu. Alipomaliza alizipanga kurasa vizuri, akaziweka mapajani, akamwita.

"Sura hii ni mbaya."

"Najua."

"Ngoma zinapigwa hata sijui nani anaoa. Na huyu Chepng'etich amekuwa mjinga ghafla."

"Najua, Baba Mitchel."

"Wewe ulisema asipokufa hakuna kitabu. Ulikosa kula kwa ajili ya hicho kifo." Akamtazama. "Majibu yalitoka lini?"

Angeweza kudanganya tena. Mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha akauona mkono wa Eugene ukienda shingoni wenyewe, kama ulivyozoea siku hizo, na uongo ukamwishia.

"Jumanne."

"Mashine haikuharibika."

"Haikuharibika."

Akaenda kuileta barua. Eugene akaisoma yote, mara mbili, pamoja na nambari za simu zilizoandikwa chini, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. Uso wake haukubadilika, na hilo lilimtisha Khalayi zaidi ya kilio. Akaanza kueleza kwa pupa, maneno yakigongana: kaburi la kuka, Senge na yule ingokho, siku tatu za kulia, jina lililokataa. Alisema ni yeye aliyemletea mumewe balaa hili kwa kalamu yake mwenyewe. Alisema hayo huku akilia, wala hakujali majirani wanasikia.

Eugene alimsikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ya jina, Senge alinieleza nikiwa darasa la tatu," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Si ni mimi nililia?" Akaiweka barua juu ya kurasa. "Ulipoweka ile sura ya kifo kwa kiti, mwezi wa tatu, nilisoma nikaona ni mimi nazikwa. Nikatia vema mpaka mwisho. Ilikuwa nzuri. Sura nzuri kuliko zote umeandika."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia, ungechoma daftari. Na wewe nakujua, haungelala mwaka mzima." Mvua ikazidi, ikabidi ainue sauti ili asikike, na pengine asingependa kuyasema hayo kwa sauti. "Jioni ileile nikaenda kuoga. Nikajishika hapa, nikakipata."

Khalayi alidhani hakusikia. "Ukapata nini?"

"Kilikuwa kidogo. Kama harage. Nikajiambia nikienda hospitali nitakuwa ni kama nimeitika hilo jina. Nikakaa kimya. Wewe ulikuja kukiona mwezi wa sita kwa sababu kilikuwa kimekataa kufichika." Hakumtazama. "Niliogopa, Khalayi. Niliogopa sana."

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Mwoga wa nyumba hii alikuwa mmoja, na kazi hiyo alikuwa ameizoea. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye hadi magoti yao yakagusana. Hakuwa na neno la kumliwaza, yeye mwenye vitabu vitatu vya maneno ya kuliwaza.

"Mpigie Cheptoo," Eugene akasema baada ya muda. "Mwambie arudishe ile ya kwanza. Huyo Osundwa afe vile ulisema. Mimi sitaki kuishi kwa sababu ya sura mbaya."

"Nitampigia."

"Halafu Jumatatu twende pamoja. Huyo daktari anaonaje?"

Khalayi alifungua kinywa amwambie lile neno *vizuri*, akalikosa. Alikuwa akihesabu. Machi, Aprili, Mei, Juni, na Julai ilikwisha kuvuka nusu. Alirudia kwa vidole, mkono akiwa ameuficha nyuma ya mkunjo wa leso, hesabu ikakataa kupungua.

"Anasema tuende mapema," akamjibu, "kabla foleni haijawa ndefu."