Mwamia ndege wa Golbanti agoma kupunguza shairi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Asenath Jilo anapanda dungu lake, jukwaa la miti lililosimama katikati ya mpunga wa Golbanti, bondeni kando ya mto. Ndege wamemtangulia. Anapachika bonge la udongo kwenye kombeo, anavuta pumzi, anapaza sauti:

"Ndege tokeni shambani, mpunga si wenu huu!"

Akifika "shambani", bonge linaruka. Mwisho wa mshororo, jingine linafuata.

"Mizani nane, rusha. Nane tena, rusha," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mbili, anayelipwa shilingi mia nne kwa siku kuamia ndege kwenye mashamba ya watu. "Mshororo ukizidi silabi moja, mkono wachelewa. Mimi waweza kunidanganya, mkono huuwezi."

Shule aliiacha darasa la saba. Vina na mizani alivisoma kwenye kitabu cha bintiye, Hope, akagundua kumbe mambo aliyoyafanya miaka yote yana majina. Tangu hapo shairi lolote linalomfikia, hata la gazeti lililofungia maandazi, hupandishwa dunguni likapimwe. Mengi hayafiki ubeti wa pili.

Mwaka huu alituma lake kwenye shindano moja huko Hola. Yatakayoshinda yatachapishwa kitabuni. Kibwagizo chake ni hiki: "Hatutoki hatutoki, hatutoki bonde hili."

Waamuzi walimrudishia. Vina ni safi, waliandika, mizani imetimia, ila takriri, yaani kurudia neno, imepita kiasi. Apunguze maneno ya kibwagizo kufikia Ijumaa, la sivyo shairi litaondolewa.

Asenath alikasirika mpaka chai ikamshinda.

"Nyumba yangu imekwenda na maji mara tatu," anasema. "Kila mara waja watu na viatu visafi, waniambia hama. Mara tatu nimeambiwa, mara tatu nimejibu. Sasa nipunguze jibu lipi?"

Hata hivyo anataka sana jina lake liingie kitabuni, wala hafichi. Kwa hiyo Jumatatu alijaribu. Aliacha "hatutoki" moja tu, akajaza maneno mengine mazuri mazuri, akaliimba shambani. Kwa kawaida wanawake wa madungu ya jirani humpokea kibwagizo, kila mmoja akirusha bonge lake. Siku hiyo walinyamaza. Ndege wakatua, wakala.

"Mama Hope, leo watuimbia nini?" jirani yake, Mama Griffin, aliuliza kwa sauti kutoka dungu la pili. "Sisi twaingilia wapi?"

Asenath aliichana karatasi palepale.

Ijumaa atapanda gari la Hola, akalisome shairi mwenyewe mbele ya waamuzi. Je, amepunguza? Asenath anacheka, anafungua daftari. Kibwagizo sasa kinasema: "Hatutoki hatutoki, hatutoki hatutoki."

"Waliniambia nipunguze maneno, nimepunguza. Nimetoa 'bonde hili'," anasema. "Wahesabu wenyewe. Mizani ni zilezile kumi na sita."